Santuri Niliyoinunua Soko la Kenyatta

Siku hiyo nilikuwa nimeenda kusukwa nywele. Ilikuwa Jumamosi, mwaka 2019, na anayelijua Soko la Kenyatta anajua lilivyo siku ya Jumamosi: wasusi wanakuita kabla hujashuka vizuri kwenye matatu, moshi wa nyama choma umetanda, mapanga yanagonga magogo, na ukipenya katikati ya hayo yote unakuta vibanda ambavyo hukuvitarajia. Kimoja kilikuwa kinauza santuri za zamani. Nilitoka sokoni nywele zikiwa vilevile, na kwapani nimebana Freak Out!, albamu ya kwanza ya The Mothers of Invention, bendi ya roki ya Marekani. Santuri mbili ndani ya jalada moja, na juu yake picha ya wanaume watano waliobadilishwa rangi hadi wakafanana na watu unaowaona ukiwa na homa.

Muuzaji alinionya. "Dada, hiyo watu wanaishika, wanaiangalia, halafu wanairudisha. Si ya kupiga kwa harusi."

Nilimlipa pesa zote za nywele.

Mimi napiga gitaa la besi. Mchana nauza spika na amplifaya katika duka moja Luthuli Avenue. Jioni na wikendi nafanya mazoezi na wenzangu watatu ndani ya kibanda cha mabati nyuma ya nyumba ya shangazi yake mpiga ngoma wetu, Kariobangi South. Mvua ikinyesha hakuna kinachosikika, hata ngoma, kwa hiyo tunakaa tunakunywa chai mpaka ikatike. Tulichokitaka tangu mwanzo ni roki ya Kiswahili ya kuwacheka wakubwa: wagombea wenye helikopta, wahubiri wa miujiza, watangazaji wa mikopo ya simu, na sisi tunaowapigia makofi. Tulidhani ni kazi nyepesi. Unachukua sauti ya mheshimiwa, unaivuta kidogo, watu wanacheka, basi umemaliza.

Santuri ile ndiyo iliyonitoa katika dhana hiyo, ingawa ilichukua miaka mitano, na ilibidi mzee mmoja wa Kariobangi na mchoma nyama mmoja wa sokoni waisaidie.

Mara ya kwanza niliposikiliza sikuelewa kitu. Wimbo mmoja ni roki ya gitaa lenye ukali, unaofuata ni wa kubembeleza kama wa bendi za vijana wa mitaani wa Marekani miaka ya 50, halafu sauti zinaanza kuyeyuka, mtu anaunguruma, mwingine anapumua kwenye maikrofoni. Ukifika upande wa nne unakuta kipande kimoja tu cha zaidi ya dakika 12, ngoma na mayowe. Mpiga gitaa wetu alisikiliza nusu saa akasema hawa walikuwa wanacheza tu studio, wakapewa pesa. Nami nilikuwa karibu kumwamini.

Kisha nikaanza kusoma habari zake. Albamu ilirekodiwa Machi 1966 huko Hollywood, kwa siku chache tu, ikatolewa na kampuni ya Verve tarehe 27 Juni mwaka huo. Frank Zappa, kiongozi wa bendi, alikuwa na miaka 25. Pamoja na bendi walikuwepo wanamuziki wa kukodiwa, wenye vinanda na tarumbeta na selo, zile fidla kubwa, na hao hawakuambiwa wapige wanavyotaka. Zappa alikuwa amewaandikia noti, kila mtu na karatasi yake. Hili lilinigutusha. Mengi ya yale niliyoyasikia kama fujo yalikuwa yameandikwa na mtu mmoja mwenye kalamu.

Prodyuza alikuwa Tom Wilson, mtu Mweusi aliyekuwa ametengeneza rekodi za Bob Dylan na, kabla ya hapo, za mwanajazi Sun Ra. Wilson aliwasikia Mothers kwenye klabu moja ya Los Angeles wakipiga wimbo mmoja tu, akaondoka akiamini amepata bendi ya Wazungu wanaopiga bluzi. Studio walipoanza wimbo wa pili, ule wa kuuliza polisi wa akili ni akina nani, Zappa alimwona kupitia kioo akikimbilia simu kupiga New York. Hata hivyo hakuwazuia. Alipata bajeti kubwa kuliko kawaida na akawaachia wakajaza santuri mbili, jambo ambalo wakati huo karibu hakuna bendi ya roki iliyokuwa imelifanya. Ninampenda sana Tom Wilson kwa hilo. Kila msanii anapaswa kupata angalau mtu mmoja ambaye, baada ya kugundua kwamba bidhaa siyo ile aliyoambiwa, anashika simu kuomba pesa zaidi.

Sasa nirudi kwetu.

Mwaka 2022, miezi ya kampeni, tulikuwa na wimbo mmoja tuliouona ndio bora. Ulikuwa wimbo wa kampeni wa bandia. Tulichukua mtindo wa benga, tukaweka kwaya ya akina mama ndani yake, na mpiga gitaa wetu akaiga sauti ya mgombea: nitawaletea maji, nitawaletea barabara, nitawaletea bahari hadi Machakos. Tukaupiga kwenye ukumbi mmoja wa Eastlands. Watu wakacheza. Watu wakacheza vizuri sana, na baadaye mwanamume mmoja aliyevaa koti akaja nyuma ya jukwaa akauliza bei. Alikuwa na mgombea wake, alitaka tubadilishe jina tu, tuupige kwenye mkutano wa Jumapili.

Hatukwenda. Lakini usiku huo ndani ya matatu hakuna aliyezungumza. Mtu ambaye kazi yake ni kampeni alisikia wimbo wetu wote, beti zote tatu, na hakuona mahali popote palipomchoma.

Jirani ya shangazi ni mzee aliyekuwa mpiga besi miaka ya 70 na 80, wakati muziki wa mji huu ulipokuwa unarekodiwa, kuchapwa na kuuzwa hapahapa, na River Road ikiwa imejaa maduka ya santuri ndogo zenye wimbo mmoja kila upande. Mazoezi yetu alikuwa anayasikia kila wikendi kupitia ukuta wa mabati, atake asitake. Siku moja alikuja akasimama mlangoni na kikombe chake.

"Huo wimbo wa mheshimiwa," alisema. "Nani anapiga besi?"

"Ni mimi, mzee."

"Lete nione."

Nilimpa gitaa. Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye maungo, na kidole gumba kilikuwa na ukucha mgumu kama pembe. Alipiga mstari wangu kama nilivyokuwa nikiupiga, noti kwa noti, kuonyesha kwamba ameusikia. Halafu akapiga wa kwake. Mimi nilikuwa nafuata ngoma: dum, dum, dum. Yeye besi yake ilikuwa inaongea. Iliuliza kitu, ikanyamaza, gitaa letu likajibu, halafu besi ikadakia kabla jibu halijaisha. Alimwambia mpiga gitaa apige nyuzi mbili nyembamba tu, haraka, bila kuacha, na asijaribu kuchekesha. "Benga haichekeshi," alisema. "Ukitaka kuchekesha na benga, kwanza ipige mpaka mtu atake kucheza mbele ya mama mkwe wake. Nyinyi mnaipiga kama watu wanaoidharau. Sasa mtu anawezaje kujua mnamcheka mheshimiwa? Anasikia mnanicheka mimi."

Hilo neno lilinikaa. Usiku ule niliweka tena upande wa kwanza wa santuri, nikasikiliza wimbo wa kubembeleza ambao Ray Collins, mwimbaji wa Mothers, anamwambia msichana akalie kwenye bega la mtu mwingine. Nilikuwa nimeusikia mara ishirini kama mzaha. Sasa nikasikia kwamba Collins anaimba kweli. Kila sauti ya nyuma iko mahali pake, kila kilio kimepimwa. Na ndivyo ilivyopaswa kuwa, kwa sababu mwaka 1963 yeye na Zappa walikuwa wamewaandikia kundi la waimbaji The Penguins wimbo wa mtindo huohuo bila mzaha wowote. Walikuwa wameupenda muziki huo tangu shuleni. Waliujua ndani nje, na ndiyo maana waliweza kuuminya mahali pamoja tu, kidogo, ukatoa maji.

Tulikaa na mzee miezi mitatu. Hakutaka pesa, alitaka sukari ya chai na tusimkatize. Kumbe alikuwa amepiga nyimbo za kampeni za kweli, kwenye uchaguzi wa 1979 na ule wa 1983. Alitueleza mambo ambayo sisi tusingeweza kuyabuni. Mgombea alikuwa analipa nusu kabla, na nusu baada ya kushinda. "Hiyo nusu ya pili," mzee alisema, "bado iko njiani." Alitueleza mtu aliyetoa pampu ya maji kwa kijiji kizima, pampu mpya kabisa yenye utepe, lakini bila mfereji, na baada ya uchaguzi kuku wakaanza kutagia ndani yake.

Tukatupa bahari ya Machakos. Tukaweka pampu, utepe, na kuku. Kwenye ubeti wa mwisho bendi yenyewe inaimba ikidai nusu yake ya pili, kwa heshima zote, kwa lugha ya barua rasmi. Hatukubadilisha sauti wala kuvuta maneno. Tulipoupiga tena, watu walicheza kama mwanzo, na walipofika kwenye kuku nikaona mama mmoja mbele akiacha kucheza, akashika mkono wa mwenzake, wakaangaliana. Walikuwa na pampu yao.

Nyanya yangu alilijua hilo maisha yake yote. Kanga zake zilikuwa na maneno, na kila neno lilikuwa na siku yake. Ile ya kijembe aliitoa sandukuni pale tu jirani fulani alipokuwa na safari ya kupita mbele ya nyumba. Hakuivaa kuwasema majirani wote.

Upande wa nne wa santuri ulitufunza kwa njia nyingine, na hapa ndipo mchoma nyama anaingia. Nilikuwa nimesoma kwamba Zappa alipokuwa kijana alipenda sana muziki wa Edgard Varèse, Mfaransa aliyehamia Marekani, aliyewahi kuandika kipande cha wapigaji 13 wa ngoma, ving'ora na vyuma. Alipotimiza miaka 15, Zappa aliomba zawadi ya kumpigia Varèse simu ya mbali. Kwa ajili ya upande wa nne, alikodi ngoma na vyombo vya kugonga kwa dola 500, akawaingiza studio watu kutoka mitaani usiku wa manane wapige. Nikawaambia wenzangu: sisi tunahitaji kukodi nini, na Soko la Kenyatta lipo?

Nikaenda na simu, nikarekodi saa nzima. Nikarudi tukasikiliza. Ilikuwa kelele. Kelele tupu, ya kuchosha, kama unavyoisikia ukiwa na haraka. Tulitaka kuiweka hivyohivyo kwenye albamu tuseme ni majaribio. Mpiga ngoma ndiye aliyekataa. Alirudi sokoni bila simu, akakaa kwenye benchi siku tatu, akisikiliza tu.

Aligundua kwamba kila mchoma nyama ana mdundo wake, na haubadiliki. Mmoja anagonga mara tatu haraka, anasukuma vipande pembeni kwa ubapa wa panga, anagonga mara mbili pole. Wa jirani yake anagonga mara nne sawasawa. Wakianza pamoja wanaachana, wanazunguka, halafu baada ya muda wanakutana tena kwenye pigo moja, na hapo mteja ambaye hajui lolote anainua kichwa. Mwito wa wasusi nao, "dada, kuja ususwe", unapanda juu kwenye neno la mwisho kila mara. Alivichora vyote kwenye daftari la shule, kwa vijistari.

Tulimwomba yule wa kwanza aje studio. Alikubali siku ya Jumatatu kwa sababu Jumatatu wateja ni wachache. Alikuja kwa bodaboda na gogo lake mwenyewe amelifunga kwa mpira, akavaa aproni yake nyeupe, akaosha mikono. Fundi wa sauti aliweka maikrofoni moja karibu na gogo na nyingine chini ya meza. Tukamwambia aanze. Akagonga mara mbili akaacha.

"Boss, shida ni nini?"

"Panga bila nyama haliongei," alisema.

Ikabidi mmoja wetu akimbie akanunue kilo mbili za mbavu na kuzichoma kwa mama mmoja aliyekuwa na jiko mtaa wa pili. Zilipofika, jamaa akagonga, na kweli ilikuwa sauti nyingine kabisa. Kulikuwa na uzito kabla ya pigo, kukawa na mfupa, halafu mbao. Ukisikiliza kipande chetu kwa spika nzuri unasikia mafuta. Alipiga dakika tisa bila kukosea hata mara moja, macho kwenye nyama, na sisi tukiwa nyuma ya kioo tumeshika vichwa. Nimepiga muziki na watu waliosomea muziki. Sijawahi kuona mtu anayeshika mdundo kama huyo. Tulipomaliza tukala zile mbavu kwa kachumbari, juu ya lile gogo.

Kuna jambo jingine kuhusu upande wa nne. Zappa alieleza kwamba kilichotoka kwenye santuri ni msingi wa mdundo tu. Alikuwa bado hajaweka yaliyopaswa kuwa juu yake, na kampuni haikumpa muda wa kumalizia. Nilipojua hilo nilipanga ratiba yetu kinyume. Kipande cha soko, kilichokuwa kigumu kuliko vyote, tulikirekodi kwanza, wakati bado tuna pesa. Nawashauri wenzangu wote wafanye hivyo. Studio yetu ya kwanza, nisiyotaka kuitaja, ilikuwa imetupotezea nyimbo mbili kwenye diski na haikurudisha hata shilingi, kwa hiyo tulikuwa tunahesabu saa.

Nimechelewesha kufika Juni 2024 kwa sababu bado ni vigumu kwangu kuiandika.

Mwanzoni mwa mwezi huo tulikuwa na wimbo wa mkate. Mswada wa Fedha ulikuwa umependekeza ushuru wa asilimia 16 kwenye mkate, na sisi tukaandika wimbo ambao mkate unasindikizwa na askari kutoka dukani hadi nyumbani, umelala kwenye kijisanduku cha dhahabu, watoto wanaruhusiwa kuunusa Jumapili. Ulikuwa wimbo mzuri. Tarehe 18 Juni pendekezo la mkate likaondolewa, lakini mswada ukaendelea, na vijana wakaendelea kujaa barabarani.

Tarehe 25 Juni nilikuwa dukani. Luthuli Avenue tulifunga milango mapema, tukashusha chuma, tukabaki ndani watu wanne. Duka letu lina televisheni saba ukutani kwa ajili ya maonyesho, na zote zilikuwa wazi. Picha ileile mara saba: watu wakiingia Bunge, moshi, watu wakikimbia na mtu mikononi. Hakuna aliyezima. Mpiga gitaa wetu alikuwa nje huko. Nilimpigia simu mara nyingi. Alikuja saa kumi na mbili jioni akigonga ile chuma kwa kiganja, macho yamevimba kwa moshi wa kutoa machozi, kiatu kimoja. Hakuwa ameumia. Alikaa chini kwenye boksi la spika akaangalia televisheni saba zikimwonyesha mahali alipotoka.

Kesho yake Rais akasema hatatia sahihi mswada. Siku iliyofuata, tarehe 27, sikwenda kazini. Niliweka santuri. Sikuchagua siku; baadaye tu ndipo nilipokumbuka kwamba ilikuwa miaka 58 kamili tangu itoke. Niliweka upande wa tatu, na wimbo wa kwanza wa upande huo unaitwa Trouble Every Day.

Niliujua wimbo huo. Nilikuwa nimeuruka mara nyingi kwa sababu hauna kichekesho. Ni bluzi ya karibu dakika sita, gitaa linalozunguka mahali pamoja, na Zappa mwenyewe anaimba, akieleza jinsi alivyokaa nyumbani Agosti 1965 akiangalia kwenye televisheni mtaa wa Watts, Los Angeles, ukiwaka moto. Watu 34 walikufa katika siku zile. Anawasema polisi, anawasema waliokuwa wakiiba na kuchoma, na zaidi anazisema stesheni za televisheni zinazogombania nani aonyeshe moto kwanza. Hajifanyi alikuwa huko. Amekaa, anaangalia, na hawezi kuzima.

Na huo ndio wimbo Tom Wilson aliousikia klabuni. Nililia nilipounganisha hayo mawili. Bendi inayokumbukwa kwa dhihaka ilipata mkataba kwa wimbo ambao hauna kichekesho, uliosikilizwa na mtu Mweusi miezi michache baada ya Watts. Wengine watasema ni bahati ya usiku mmoja. Mimi siamini hivyo. Naamini Wilson alisikia watu wanaojua wakati gani wa kuweka kicheko chini, na mtu anayejua hilo anaweza kuaminiwa na kicheko.

Jumamosi tukakutana Kariobangi. Mpiga ngoma akasema wimbo wa mkate hawezi kuupiga, na kama tunautaka tutafute mtu mwingine. Hatukubishana. Tuliweka maneno yote kando, tukabaki na mstari wa gitaa peke yake. Mzee alikuwa mlangoni. Aliusikiliza akaniambia nipunguze noti, nikapunguza. Akaniambia nipunguze tena. Zikabaki mbili. "Sasa acha nafasi," alisema. "Kubwa. Hapo mtu aingize wake."

Maneno niliandika mimi, ndani ya duka, baada ya kufunga. Ni ya mtu aliye nyuma ya chuma iliyoshushwa, anayehesabu televisheni, moja hadi saba, na katika kila moja anamtafuta mtu mmoja anayemjua. Hakuna mheshimiwa ndani yake, wala mkate. Kila baada ya ubeti kuna nafasi ya mizunguko minne ambayo hakuna chombo kinachopiga. Kwenye albamu tumeuweka kabla ya kipande cha soko, kama Mothers walivyouweka wa kwao kabla ya wendawazimu wote wa upande wa tatu na wa nne, ili msikilizaji akifika kwenye mapanga ajue tunatoka wapi.

Tulimaliza Februari 2025. Hatujauza nyingi. Freak Out! yenyewe haikupita nafasi ya 130 kwenye chati za Marekani, na leo hii msichana wa Nairobi anatoa pesa za nywele kuinunua, kwa hiyo sijakata tamaa kabisa. Tulichapisha nakala 200 za CD, pamoja na kijitabu, kwa mchapishaji mmoja mdogo wa mjini.

Kijitabu hicho tulikigombania kuliko wimbo wowote. Ndani ya jalada la Freak Out! kuna orodha ya majina zaidi ya 170 ya watu ambao Zappa alisema wamechangia muziki wao, watunzi wakubwa wa Ulaya wamekaa bega kwa bega na wapiga bluzi na marafiki wa mtaani, bila kupangwa kwa cheo. Mara ya kwanza niliipuuza, nikadhani ni mapambo. Sasa naiona ndiyo ukurasa wa dhati kuliko kurasa zote za albamu ile. Sisi tuliandika majina 94. Yupo mchoma nyama, yupo shangazi, yupo kondakta wa matatu aliyekuwa akitupakia na ngoma bila kutudai kiti cha ziada, wapo wapiga besi wa River Road ambao mzee alitutajia.

Siku ya kuizindua, kwenye ukumbi uleule wa Eastlands, mzee alikaa safu ya pili amevaa suti ya kijivu. Ulipofika wimbo wa televisheni, katika ile nafasi ya kwanza nilisikia honi ya matatu nje na mtoto akikohoa. Katika ya pili hakuna kitu. Katika ya tatu nilimtazama mzee: kidole gumba kilikuwa kinagonga goti, noti mbili, halafu kinangoja.

Baadaye alikuja na kijitabu mkononi, amevaa miwani. Alikuwa ameliona jina lake, akaniwekea kidole juu yake nione. Kisha akateremsha kidole hadi mwisho wa orodha, akarudi juu, akateremka tena.

"Mpiga solo wetu hayuko," alisema. "Yule aliyenifundisha mimi. Alikufa '87. Sikuwaambia jina lake?"

Hakuwa ametuambia. Nilimwomba aniandikie kwenye kiganja changu, herufi kubwa, ili nisikosee. Nakala zilizobaki zilikuwa 163. Nilizibeba hadi nyumbani kwenye begi la gitaa, nikanunua biro mbili nyeusi, na wiki ile nzima, kila nikitoka Luthuli, nilikaa mezani nikaliandika kwenye nakala moja baada ya nyingine, chini ya jina la mzee.